Nakala Ishirini za Gakindu

Mama yangu alikuwa akiniita kiguu na njia, na hakuwa ananisifu. Nikikaa kitini dakika kumi, goti linaanza kutikisika lenyewe. Nikingoja chochote, hata maji ya chai, nafunua sufuria mara tano. Naanza na hilo kwa sababu watu huniuliza nilivyoanzisha jarida la hadithi hapa Nyeri, wakidhani ni habari ya ujasiri. Ni habari ya mtu aliyeshindwa kungoja siku tatu.

Mimi ni karani katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji. Nachapa mitihani, napokea wazazi, natafuta faili ambazo kila mtu anaapa hakuzigusa. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa na kitu kingine kichwani. Nilitaka jarida la Kiswahili la hadithi za mambo ambayo hayajakuwa: watu wa miaka mia mbili ijayo, mashine zinazoota ndoto, wafu wanaoandika barua, mlima wetu ukiwa hauna theluji hata ya kutia kwenye kikombe. Wasomi huziita bunilizi za kisayansi. Neno hilo lingewafukuza watu niliotaka waandike, kwa hiyo kwenye tangazo niliweka maneno machache tu: tuletee hadithi ya jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nililibandika kwenye kinyozi, kwenye maktaba, kwenye duka la dawa za mifugo, na nikalituma katika kila kundi la simu ambalo halikuwa limenifukuza. Mwalimu wa dini shuleni aliniuliza kwa upole kama ni mambo ya shetani. Mhasibu aliniuliza kama nimekosa wachumba. Hadithi zikaanza kuja, na nyingi zilikuwa mahubiri. Mzee mmoja aliniletea malalamiko ya kurasa sita kuhusu chifu wake, nikamrudishia nikimwambia kwamba hilo limeshatokea. Mwanamume wa Naro Moru, anayebebea wapanda mlima mizigo, aliandika juu ya wageni kutoka nyota nyingine waliopanda mlima wakilalamikia baridi njia nzima, hadi wapagazi wakawaachia mizigo yao na kushuka. Niliicheka ofisini peke yangu mpaka mwalimu mkuu akafungua mlango. Hiyo niliichukua.

Kisha likaja daftari la shule, limefungwa kwa gazeti, likaachwa kwa mlinzi langoni. Lilitoka Gakindu, kule Mukurweini. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyezoea kujaza fomu, herufi kubwa zimesimama wima. Nililisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza ndipo nilipogundua kwamba kengele ya chakula ilikuwa imelia zamani.

Hadithi ilikuwa hivi. Mito ya mlimani imekauka, na kila nyumba inatakiwa kutoa mtoto mmoja akaishi huko juu, afundishwe kukamata mawingu na kuyashusha mashambani. Mama mmoja ana watoto watano. Anachagua wa tatu, msichana, anampakia kwenye gari na kurudi kupika. Msichana anajifunza kazi yake vizuri mno, hata anageuka ukungu mwenyewe. Kila asubuhi anashuka mpaka nyumbani kwao kumsalimu mama yake, na kila asubuhi mama, kwa ajili ya kifua chake, anafunga dirisha. Ilikuwa na kurasa kumi na moja na haikuwa na neno hata moja la kulaumu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Gakindu. Mwandishi alikuwa mwanamke aliyepita miaka hamsini, anayepima kahawa ya wakulima kiwandani, na hata alipokuwa akiongea nami macho yake yalikuwa kwenye mzani. Mumewe alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa, akarudi kwao kumtunza mama yake, aliyekuwa amepita themanini. Nilimwambia hadithi yake ndiyo itakayofungua jarida, na kwamba bila hiyo sina jarida. Hakufurahi nilivyotarajia. Alinivuta kando, nyuma ya magunia.

“Huyo mama wa hadithi ni mama yangu,” alisema. “Mimi nilipelekwa Naro Moru nikiwa na miaka nane, nikae na auntie, nilee watoto wake. Wengine walibaki wakasoma. Mimi na Maitu hatujawahi ongea hiyo maneno, hata siku moja. Nataka nimsomee mwenyewe, mimi na yeye. Mtu wa Gakindu asiione kabla ya hiyo siku.”

Nilimuuliza anatumaini Maitu, yaani mama yake, atasema nini. Alicheka kidogo. Alisema mama yake hajawahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe, na kwamba hata akimkanyaga kuku, kuku ndiye mwenye makosa. Lakini alitaka kumwona uso wakati anasikia. Nilimwahidi, na nilimaanisha.

Tulipanga vizuri. Uzinduzi ungekuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri. Wiki hiyo yeye angekuwa Naro Moru kwa binti yake aliyekuwa amejifungua, angerudi Ijumaa mchana, amsomee mama yake jioni, na Jumamosi aje asimame mbele ya watu. Nakala za Gakindu zingekwenda baada ya hapo. Hata mtoto wa chekechea angeushika mpango huo.

Sasa nieleze habari ya mpiga chapa. Katika miji yetu hii, mpiga chapa mdogo anaishi kwa misiba. Hapa hazikwi mtu bila kijitabu chake: karatasi ya kung'aa, ukingo wa zambarau, picha ya marehemu katika duara la yai, maua kwenye pembe, jina chini, na ndani maisha yake kwa ufupi, ambayo husomwa kwa sauti kaburini kabla ya nyimbo. Wangu alikuwa mtu mzuri na mwepesi wa mkono, na alikuwa amechapa nusu ya wafu wa kaunti. Jarida la hadithi hakuwa amewahi kulichapa, na mimi sikuwa nimewahi kulichapisha, kwa hiyo tulikuwa vipofu wawili wanaoshikana mikono.

Nilikuwa nimemwagiza mchoraji anichoree mlima mweusi usio na theluji kwa ajili ya jalada. Mchoraji alisema nimpe siku mbili zaidi. Siku mbili! Nilihesabu mpaka Jumamosi nikaona tumekwisha, nikamwambia mpiga chapa aachane na mlima, aweke picha ya mwandishi wa Gakindu, ile ndogo aliyonipa ya ukurasa wa ndani. Akaniuliza aiweke kubwa? Nikasema kubwa. Alipomaliza kuipanga alinigeuzia kioo cha kompyuta nikaangalia nimesimama, mkoba begani, nikasema safi kabisa, chapa. Naapa niliona uzuri tu. Nilipofungua kurasa za kwanza nilikuwa natafuta kama jina langu limeandikwa sawasawa.

Majarida yalitoka Jumanne. Jioni ile nilikaa nayo sebuleni, nikipanga na kupangua, na hofu ikanianza. Niliona ukumbi wa kanisa una viti mia na watu tisa, sita kati yao wakiwa ndugu zangu. Kesho yake ilikuwa siku ya soko Gakindu. Nikajiambia: watu wa kwao wakiiona picha yake kabla, watakuja kumshangilia. Nikajiambia tena kwamba hakuna mtu anayenunua jarida sokoni akalisoma siku hiyohiyo, analiweka mezani chini ya kopo la sukari, na mpaka Ijumaa hakuna aliyefika ukurasa wa pili. Ukitaka kuvunja ahadi, akili hukusaidia sana. Asubuhi nilifunga nakala ishirini kwa kamba, nikampa mtu wa bodaboda aliyekuwa akienda upande huo, azipeleke kwenye duka la pembejeo la mama mmoja niliyefahamiana naye. Sikumwachia mwenye duka maagizo yoyote. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyepiga chafya iliyokuwa imekwama.

Saa nane mchana simu ikalia. Ni yule mwenye duka.

“Pole sana kwa msiba,” alisema. “Hapa tumeshtuka. Tulikuwa tunauliza mazishi ni lini, juu hii kitabu haijasema.”

Nilimuuliza msiba gani. Akataja jina, wateja wakamwita, akakata. Nilikuwa na jarida mezani, chini ya rejista ya kidato cha pili. Nililivuta, nikaliweka mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikaliangalia nikiwa nimekaa. Ukingo wa zambarau. Duara la yai. Maua kwenye pembe. Uso wake ukitazama mbele kwa utulivu, jina lake chini, na nilipofungua, maneno manne juu ya wasifu niliouandika mwenyewe: Maisha Yake kwa Ufupi. Mkono wa mpiga chapa ulikuwa umefanya kazi unayoijua. Mama yule wa dukani hakuwa na kosa lolote. Mtu yeyote kati ya hapa na Nanyuki angesema pole.

Nilipiga namba ya mwandishi. Ilipokelewa, na nikasikia wanawake wakiimba, sauti yangu ikamezwa. Ndipo nikakumbuka alichoniambia juu juu: kwamba akienda Naro Moru anamwachia mama yake simu, naye anampigia kwa simu ya binti. Bibi huyo alikuwa amefundishwa kubonyeza alama ya kijani tu, na sauti imewekwa juu kwa sababu ya masikio yake. Namba ya binti sikuwa nayo, na ya mwenye duka ilikuwa inatumika kila nilipopiga. Kila mtu aliyepiga kuuliza kama ni kweli, simu ililia mfukoni mwa aproni ya mama wa marehemu, na akasikia kilio. Hilo lilitosha kuwa jibu.

Sitaeleza safari. Nilifika kama saa kumi. Uani kulikuwa na kuni zimeshushwa, mitungi ya maziwa, wanawake wawili wanamenya viazi kwenye karai, na wanaume wamekaa kando ya migomba wakinong'ona habari za kamati. Yote hayo ndani ya saa tano. Kwetu ukifiwa hungoji kuomba, na siku ile niliwaonea watu wa Gakindu fahari na aibu kwa pamoja. Nilipita katikati yao nikielekea mlangoni, maneno yakiwa tayari mdomoni: yuko hai, ni makosa yangu, yuko hai.

Sebule ilikuwa imejaa na kimya. Mama mmoja wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amesimama na jarida langu. Alikuwa anasoma. Alisoma sentensi kwa Kiswahili, kisha akaitia Kikuyu kwa ajili ya bibi, polepole, kama wanavyosoma maisha ya marehemu. Alikuwa ameshapita wasifu, akaingia kwenye hadithi bila kujua kwamba amevuka mpaka, na sasa alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, asubuhi ya mwisho, ukungu ukiwa nje na mkono wa mama ukiwa kwenye kitasa. Nadhani wengi walidhani ni mfano wa Biblia. Alipofunga jarida, mwanamke mmoja akasema amina.

Bibi alisimama. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, amevaa sweta ya kijani iliyofungwa vifungo vibaya. Hakutuangalia sisi. Aliangalia ile picha mikononi mwa msomaji, akaongea nayo kwa Kikuyu. Naandika kwa Kiswahili jinsi nilivyosikia.

“Nilikutoa wewe kwa sababu wewe hukuwa unalia sana. Wenzako walikuwa wanalia. Nikasema huyu ataweza. Ulipanda gari hukugeuka nyuma, nikasema, si mnaona, hata hajali. Nilikuwa najua unajali. Nisamehe, mtoto wangu. Dirisha nilifunga mimi.”

Alikaa. Na sasa nitasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Mimi, nisiyeweza kungoja maji yachemke, nilingoja. Tangu aliposimama mpaka alipokaa nilikuwa mlangoni, nikijua kwamba binti yake yuko Naro Moru anamwogesha mjukuu, na sikufungua mdomo. Sikuduwaa. Nilikuwa nataka kusikia. Nilikuwa nimeisoma hadithi ile mara ishirini nikijiuliza mama angejibu nini, na sasa mama alikuwa anajibu, na nikamwacha amalize kama mtu aliyeketi mbele ya jukwaa. Nikikumbuka hilo, naona haya ambayo jalada halijawahi kunipa.

Ndipo nikasema. Ilinibidi niseme mara tatu. Wanawake wakaanza kusifu Mungu na kucheka na kulia, na mmoja akauliza kama kuni zirudishwe. Msomaji alivua miwani akanitazama kwa muda mrefu. Niliomba msamaha kwa kila mtu aliyekuwepo, wakanisamehe wote, kwa sababu watu wakiwa na furaha hawadai chochote. Bibi yeye alifungua vifungo vya sweta akavifunga upya, sasa sawasawa. Kisha akaagiza chai igawiwe, kwa sauti ya mtu mwenye boma lake, na akauliza nani ameacha mlango wazi kuku wanaingia.

Kabla ya jua kutua simu ililia mfukoni mwa aproni yake. Alibonyeza, na sauti ya binti yake ikajaa chumba, ikiuliza habari za nyumbani. Sisi sote tuliacha kutafuna. Bibi alisema habari ni njema. Aliuliza kama mtoto ananyonya, akauliza kama Naro Moru imenyesha, akasema watu wamekuja kumtembelea, watamweleza wenyewe. Akampa simu mama wa kanisa, akaenda jikoni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti mia havikutosha, watu wakasimama ukutani, maana habari ya mwanamke aliyekufa na kufufuka kwenye jarida ilikuwa imefika mpaka Nyeri kabla ya mimi kurudi. Nakala zote ziliondoka, na nyingine nikaziahidi. Yule mpagazi wa Naro Moru aliisoma hadithi yake ya wageni wa nyota akiwa amevaa kofia yake ya mlimani, na watu wakacheka mpaka kasisi akafuta macho. Kila mara mlango ulipofunguka niligeuka. Mwandishi wa Gakindu hakuja.

Alikuja Jumanne, ofisini kwangu, akakaa kwenye benchi la wazazi kama mtu aliyeitiwa nidhamu ya mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, lakini hakuwa mkali. Alisema kila mtu Gakindu amemweleza kivyake. Mmoja anasema Maitu alianguka. Mwingine anasema alimlaani yule shangazi. Mwingine anasema aliimba. Alikuwa amemuuliza mama yake mwenyewe, na mama yake akajibu kwamba watu wa soko wana maneno mengi, halafu akamwomba ampitishie chumvi.

“Wewe ulikuwa hapo,” alisema. “Niambie vile alisema.”

Nilimwambia, kwa Kikuyu, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Nilipofika kwenye habari ya kutolia alinisimamisha, nikarudia. Nilipomaliza aliangalia dirishani, ambako wavulana wa kidato cha nne walikuwa wanakata nyasi.

“Ulikuwa umeshafika alipoanza?”

“Nilikuwa mlangoni.”

“Na ulikuwa unajua mimi niko hai.”

“Nilijua.”

Alifikiri. “Kama ungesema, hangesema kitu,” alisema, na nakiri kwamba moyo wangu ulirukia hapo, nikadhani ananifungulia mlango wa kutokea. Lakini hakuwa amemaliza.

“Alisemea maiti. Mimi niliporudi nikiwa mzima, aliniuliza kama nimebeba viazi.” Alichukua mkoba wake mapajani. “Gakindu yote imesikia mama yangu akiniomba msamaha. Ni mimi tu sikusikia.”

Nilimwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa, jinsi mtu anavyoitikia salamu njiani, akasimama, akasema msimu umeanza na wakulima watakuwa wamepanga foleni. Nilimsindikiza mpaka langoni, nikifuata mwendo wake.